Mwanamke wa "Kabla"

Ni mimi. Yule mwanamke wa upande wa kushoto wa picha, mwenye gauni la maua ya zambarau, shavu limejaa chapati, tumbo limetangulia kama mgeni wa heshima, na juu ya kichwa chake limeandikwa neno KABLA kwa herufi nyekundu: ni mimi. Nimekana kwa muda mrefu. Nimekana kanisani, nimekana ofisini, nimekana dukani, na siku moja nikakana kwenye foleni ya benki, pale mama nisiyemjua aliponiangalia, akaiangalia simu yake, akaniangalia tena.

"Watu hufanana," nilimwambia, huku nimelivuta tumbo ndani hadi nikakosa pumzi ya kuongeza neno.

Upande wa kulia wa picha hiyo, chini ya neno BAADA, kuna kiuno. Sisemi mwanamke kwa sababu kichwa hakipo, kimekatwa shingoni. Ni kiuno cha msichana wa rangi nyingine kabisa, ndani ya suruali ya jinzi ambayo mguu wake mmoja ungenitosha mkono. Katikati yetu sisi wawili imesimama pakiti ya chai ya kupunguza mwili. Muuzaji wa chai hiyo alikuwa jirani yangu, mama wa ghorofa ya pili katika jengo letu la Tassia, Nairobi. Aliisambaza picha kwenye stetasi yake ya WhatsApp, kwenye makundi ya akina mama, na mwishowe akaichapisha kubwa na kuibandika kwenye lango letu wenyewe, ili kila jioni nikirudi kazini nijikute nimejitangulia kufika.

Ningeweza kusamehe tumbo. Tumbo ni langu, nimelilea mwenyewe. Nisichoweza kusamehe ni mkono.

Ukiitazama ile picha vizuri utaona mkono begani kwangu. Hauna mwenyewe. Umekatwa kwenye kifundo, pale ukingo wa picha unapoishia, na kidole cha shahada kimepinda kidogo kwa ndani. Mkono huo ni wa mama yangu. Kidole kilipindwa na msumeno wa baba, aliyekuwa mchonga vinyago, siku mama alipokuwa akimshikia gogo.

Picha ilipigwa Krismasi ya mwisho ya maisha yake. Katika jengo letu siku ya Krismasi sahani hupanda na kushuka ngazi mchana kutwa, kila nyumba ikipelekea nyumba nyingine chapati zilezile ambazo kila mtu amepika. Jirani alipanda na sahani yake, na kwa kuwa simu yake ilikuwa nzuri kuliko zetu, mama akamwomba atupige picha. Mama hakupenda picha, lakini siku hiyo alisimama nyuma ya kiti changu, akaniwekea mkono begani na kusema, "Mpige huyu vizuri. Mwili wote huu ni kazi yangu."

Alimaanisha alivyosema. Mama aliutazama mwili wangu jinsi mkulima anavyolitazama ghala lake. Alikuwa amezika watoto wawili wembamba huko Ukambani kabla yangu, na kila kilo niliyoongeza ilikuwa kwake ushahidi kwamba mimi siendi popote.

Aliyeenda ni yeye. Mvua zilipoanza tulikuwa tumeshamzika. Niliporudi Nairobi, kitu cha kwanza nilichofanya ni kushuka ghorofa ya pili kuomba ile picha.

"Ole wangu, Madam," jirani akaniambia, ameshika kifua. "Simu ilianguka ndani ya ndoo ya maji. Picha zote zilienda. Hata za watoto wangu."

Nilimpa pole. Nataka hilo liandikwe mahali: nilikaa sebuleni kwake, nikanywa soda yake, nikampa pole kwa picha zilizokufa maji. Miezi kadhaa baadaye, nikiwa nimekaa ofisini nasahihisha kitabu cha darasa la nane, mwenzangu akanigeuzia simu yake. "Huyu si wewe?" Niliuona mkono kabla sijauona uso wangu. Na kwa mshtuko, au kwa majivuno, nikasema neno ambalo lingenigharimu sana. Nikasema, "La."

Wiki moja baadaye, nikiwa nimeshakana hadi dukani, nilishuka jioni kwa jirani.

"Ile picha," nikasema mlangoni.

"Picha gani, Madam?"

"Ya chai. Nataka uifute. Na nataka ile nzima, yenye mama yangu."

Akaniangalia kwa huruma, ile huruma ya mtu anayejua ameshinda. "Lakini Madam, si umeambia watu si wewe? Mama wa dukani amenieleza ulikana asubuhi ya leo hadi ukamkasirikia. Sasa nifute picha ya nani? Watu hufanana, si ndivyo ulivyosema?" Akacheka kidogo. "Na ile nyingine nilikuambia. Maji."

Nina shahada mbili za chuo kikuu. Nilipanda ngazi zangu nikiwa nazo zote mbili.

Tangu siku hiyo nilikuwa na kazi mbili: ile inayonilipa, na kumchukia jirani. Ya pili niliifanya kwa bidii zaidi. Nilimwandikia insha za kumteketeza. Mhariri mmoja akanijibu kwa upole kwamba mada ni nzuri ila ukurasa unatoa moshi. Niliomba mabomba ya ghorofa ya pili yapasuke, na Mungu akapasua ya ghorofa ya nne, yangu. Mwishowe nikaamua kulipiza kisasi kwa njia iliyo dhahiri: nitapungua. Nitapungua hadi nipite langoni chini ya ile picha na hakuna atakayejua ni mimi. Kabla yake itakuwa haina mwenyewe.

Nilikuwa nimeshanunua raba za mazoezi ndipo nikauona mtego. Nikipungua, atasema ni chai. Mwenye mwili ule yuko hapa, ghorofa mbili juu, tazameni alivyoisha! Nitakuwa nimempa Kabla na Baada kutoka nyumba moja, kitu ambacho hakuna muuzaji wa chai Eastlands nzima aliyekuwa nacho. Na nisipopungua nitabaki langoni nikila chapati hadi gundi ikauke. Sijui kama kuna mwanamke mwingine ambaye kunenepa ni hasara na kukonda ni hasara, yote mawili kwa faida ya mtu mmoja.

Kwa hiyo nilipungua kwa siri. Nilinunua madera, yale mapana yanayoweza kuficha mtu na jamaa yake, nikawa navaa dera juu ya nguo za kazini kila nilipoingia na kutoka kwenye jengo. Na mazoezi niliyafuata mbali, Mowlem, juu ya paa la jengo moja ambako akina mama walikutana Jumamosi asubuhi kati ya matangi ya maji na kamba za nguo. Tuliruka chini ya mashuka ya watu. Kocha alikuwa karani wa rika langu, mtu wa Magharibi mwa Kenya, aliyewahi kucheza netiboli ujanani na hajaacha kupiga kelele tangu hapo.

Siku ya kwanza alinitazama, kisha akatazama bega langu. "Wewe ndiye wa ile picha."

"Watu hufanana."

"Hadi kwa gauni?" Bila kujua nilikuwa nimelivaa lilelile, juu ya taitsi. "Sawa, Madam. Watu hufanana. Chuchumaa."

Nilichuchumaa, na sikuinuka bila kusaidiwa. Lakini Jumamosi iliyofuata nilirudi, na nyingine. Wenzangu walisema wanafanya kwa ajili ya presha, magoti, waume, sare za harusi. Mimi nilifanya kwa kinyongo. Kinyongo kina nguvu za ajabu na hakinenepeshi. Nikichoka kunyanyua madumu ya maji tuliyotumia kama vyuma, nilimwona jirani akishika kifua na kusema "maji," nami nikanyanyua tena. Nyumbani nilipunguza ugali hadi ukawa kama ngumi ya mtoto, nikaacha sukari kwenye chai, nikala muthokoi ya mahindi yaliyokobolewa, maharagwe na sukuma wiki hadi nikaota majani. Chapati niliziaga kama mtu anayeagana na jamaa uwanja wa ndege. Hiyo ndiyo siri yote. Hakuna nyingine, na haiuziki.

Pale paani niligundua kwamba wengi wao walikuwa wateja wa jirani yangu. Mama mmoja mpole alikuwa bado anainywa ile chai. Kila tulipofika katikati ya mazoezi alishuka ngazi mbio, akarudi amepauka, na hakuna aliyemwuliza. "Inasafisha," alituambia. "Yule wa picha alipungua nayo." Wote walinitazama. Mimi nikatazama tangi la maji. Hapo ndipo aibu yangu ilipoanza kubadilika ladha, kwa sababu niliona kwamba kila nilipokana, nilikuwa nauza pakiti nyingine.

Siri iliharibiwa na maji, yale ya kweli. Wiki moja mabomba yalikauka, jengo zima likawa linapanda na madumu. Dumu langu lilimwagika kwenye ngazi za ghorofa ya pili, dera likanilowea, likanishika mwilini, na jirani akafungua mlango wakati huohuo. Alinipima kwa macho kutoka juu hadi chini kama fundi wa nguo.

"Madam! Wewe umeisha! Ai, ai, ai! Na unajificha!" Akanizunguka. "Picha moja tu. Nakuomba. Watu wananisumbua kila siku, yule mama wa picha alifikia wapi? Tukuweke wewe mwenyewe, na kichwa chako."

Nikamwambia nitafikiri. Jioni hiyo stetasi yake ilisema: *Subirini. Yule wa picha amerudi. Hamtaamini.*

Jumamosi nilikuwa Mowlem. Pale paani kila mmoja ana zamu ya kuleta muziki: unaunganisha simu yako na ile spika kubwa ya kocha, ukaiweka juu ya tangi. Zamu ilikuwa yangu. Tulikuwa chini, tumelala kwa viwiko, tumbo juu ya sakafu bila kuigusa, wakati muziki ulipokatika na mlio wa simu ukajaa paa lote. Niliinuka. Jina lililokuwa kwenye kioo lilikuwa lake.

Ningeweza kukata. Ningeweza kuizima spika. Kitufe chake nakijua. Nilipokea, nikaacha kila kitu kama kilivyokuwa, na kuwaonyesha akina mama kidole mdomoni.

"Madam, niaje!" Sauti yake ilitoka kwenye spika kubwa kuliko maisha. "Umefikiri?"

"Nimefikiri. Lakini mimi sikunywa chai yako hata kikombe kimoja."

"Nani amekuuliza ya chai?" Akacheka, cheko la mtu aliye jikoni kwake. "Hata mimi siinywi, utafia chooni! Ile ni dawa ya kuendesha tumbo tu, nanunua Kariobangi, nafunga upya kwa karatasi zangu. Wewe kula ulivyokuwa unakula, ruka ulivyokuwa unaruka, mimi nipe picha."

Yule mama mpole alikuwa amekaa sakafuni. Aliweka kiganja tumboni, polepole.

"Na yule wa kiuno?"

"Simjui, ni wa mtandao. Ndiyo maana nakutaka wewe. Madam, usiniangushe, nimeshatangaza."

"Nitakupa," nikasema. Sauti yangu ilikuwa tulivu kiasi kwamba niliiogopa. "Lakini kwanza nitumie ile nzima. Nataka kuiga nilivyokaa, ziendane."

"Nzima ipi?"

"Ya Krismasi. Kabla hujaikata."

Nilidhani atakumbuka ndoo. Lakini tamaa husahau haraka. "Si iko hapa tu. Ngoja."

Tulingoja. Hakuna aliyepumua pale paani isipokuwa mashuka. Kisha spika ikalia mlio mmoja mdogo, na picha ikafunguka kiganjani mwangu.

Mama alikuwa anacheka. Nilikuwa nimesahau kwamba alikuwa anacheka. Na yeye pia alikuwa na chapati mdomoni, shavu limejaa kama langu, shavu lilelile.

"Imeingia?" akauliza jirani.

"Imeingia. Asante sana."

"Haya sasa, yangu. Jiweke vizuri, mkono kiunoni, tabasamu kidogo. Uko nyumbani?"

"Niko Mowlem, kwenye mazoezi. Yule wa picha ni mimi, nawaambia wote leo." Nikawatazama wenzangu, mmoja baada ya mwingine. Kocha alikuwa ameshavua kofia. Mama mpole alikuwa amesimama na anakuja kwenye tangi, macho kwenye spika. "Tuko wengi. Sauti yako inasikika vizuri sana, hata mwenye nguo za kuanika jengo la pili amesimama kusikiliza. Wasalimie wateja wako, jirani."