Santuri Isiyo na Mwimbaji

Tulipanga chumba mtaa wa Mchafukoge, mimi mshonaji, mume wangu mpiga gitaa katika bendi ya jazi. Ghorofani waliishi Wahindi, mke na mume, wenye duka la vitambaa. Yule mama ndiye aliyenikatia vitambaa, ndivyo tulivyozoeana.

Jumapili moja akatuita juu. Kaka yake wa Ulaya alikuwa amemletea santuri ya mpiga gitaa wa Kimarekani. "Mumeo ataipenda," akaniambia huku akishusha sindano.

Tukasubiri sauti ya mtu, haikuja. Lilisikika gitaa tu, likisindikizwa na fidla nyingi, na nyuma yake ngoma laini kama za Brazili. Zilikuwa nyimbo za mapenzi zile zile tulizozisikia redioni, ila maneno yameondolewa yote.

"Mbona haimbi?" nikauliza.

"Anaimba. Hebu nyamaza usikie," akasema mume wangu.

Chai yake ikapoa mpaka ikaota utando. Kila upande ulipokwisha, aliomba ugeuzwe tena. Mwenyeji wetu akacheka: "Dada, leo mumeo analala hapa!"

Wiki nzima baada ya hapo mume wangu aliweka kando kile kipande cha plastiki cha kupigia nyuzi, akawa anatumia dole gumba. Siku moja nilikuwa kwenye cherehani, simsikilizi sana. Mara mguu wangu ukasimama wenyewe. Alichokuwa akipiga kilikuwa wimbo wa kupepeta mpunga, aliokuwa akiuimba marehemu mama yangu kule Lindi. Mimi ndiye niliyemwimbia zamani, tulipokuwa wachumba. Sikudhani aliushika.

Dansi la mchana la bendi yao lililofuata, ukumbini Kariakoo, tulikwenda na majirani zetu. Walikuwa hawajawahi kuingia dansini. Walikaa wima na soda zao kama wako ofisini. Mume wangu akasogea mbele, mwimbaji wa bendi akarudi nyuma akashika manyanga. Gitaa likaanza ule wimbo wa kupepeta.

Watu wakasimama wakitazamana. "Maiki imekufa!" mmoja akapiga kelele. "Fundi, washa maiki!"

Mume wangu akaendelea, kichwa ameinamisha. Nilimwona akitoka jasho, nikainuka nikaanza kucheza peke yangu. Ndipo mama mmoja wa meza ya pili, kumbe naye mtu wa Kusini, akaudaka wimbo kwa sauti. Wenzake wakaitikia. Kufumba na kufumbua kina mama wamejipanga mstari, mikono inapepeta ungo usiokuwepo, ukumbi mzima unaimba. Jirani yangu, yule mama wa vitambaa, akavua viatu akajiunga nao, maneno akiyabuni.

Tulipokuwa tukirudi nyumbani nilimuuliza mume wangu kama wamemuudhi kwa kuimba.

"Nilitaka wimbo usio na maneno," akasema.

"Basi ungechagua tusioujua."

Alicheka mpaka ikabidi aliweke gitaa chini. Jumapili iliyofuata watu ukumbini wakautaka tena, naye akawapigia, na kina mama wakaimba.