Fundi Asiyewasha Redio

Saa tatu asubuhi, mtaa mzima wa mafundi unapiga kelele. Muuza simu wa kona ameelekeza spika barabarani, kinyozi jirani yake anashindana naye, na mchomeleaji mageti anawazidi wote wawili. Katikati ya vurumai hiyo kuna duka moja la upana wa hatua nne, kimya. Fundi wake amefunga mlango wa kioo, amezima feni ya ukutani na kuinama juu ya kompyuta ya mteja, sikio karibu liguse bati.

"Fundi, nimeleta mashine kutengenezwa au nimeleta mgonjwa kupimwa?" anauliza mteja, mpiga video za harusi mwenye haraka zake.

"Wewe fanya kazi kama uko kwako," anajibu fundi bila kuinua kichwa. "Mimi sipo."

Wenzake humwita Bisibisi, kwa sababu ya bisibisi nyembamba anayoichomeka nyuma ya sikio kama karani na kalamu yake. Ana miaka thelathini na tisa, na kumi na minne kati ya hiyo ameimaliza ndani ya duka hili. Kazi yake kubwa ni kuzipa nguvu mpya kompyuta zilizochoka, na kila anayeleta shida hiyo hukutana na swali lilelile: anunue mazabodi gani?

Mazabodi ni ule ubao mpana ndani ya kompyuta ambao vitu vingine vyote huchomekwa juu yake: prosesa, memori, diski. Zipo za bei ya chini, nyepesi, zenye nafasi chache, zinazotosha kuandika, kuhesabu na kuchapa. Zipo za nguvu, nzito mkononi, zenye vibati vya kupooza joto, na bei yake hufika mara tatu ya zile za kwanza.

Mtaani hapa mteja huulizwa ana kiasi gani mfukoni, basi. Bisibisi humkalisha kwenye stuli, akamwambia afanye kazi yake ya kila siku kwa nusu saa, huku yeye akitazama na kusikiliza. Katika wateja kumi, yeye huwaambia wanane wachukue ya bei ya chini.

Pato lake limepungua karibu theluthi tangu aanze mtindo huo. Kinyozi humtania kwamba ndiye fundi pekee anayefukuza pesa kwa fimbo. Bisibisi hucheka naye, kisha huinamia tena kazi yake.

"Watu hunisifu kwa uaminifu," anasema. "Sifa hiyo naiogopa. Haya ni majuto tu, yamevaa ovaroli."

Miaka miwili iliyopita, aliyeketi kwenye stuli hiyo alikuwa dada yake mkubwa. Ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki, mmoja akiwa na miaka kumi na mmoja, mwingine kumi na tisa. Dada alikuwa mpiga chapa. Aliwaandikia watu barua na fomu, akilipwa kwa ukurasa, na kurasa hizo ndizo zilizomsomesha mdogo wake ufundi.

"Nimekula, nimevaa, nimesoma kwa vidole vya dada," anasema.

Mwaka huo dada alipata kazi ambayo hakuwahi kuiota: kuingiza kwenye kompyuta mafaili ya zamani ya hospitali, elfu sita, kwa miezi mitatu. Akimaliza kwa wakati, angeajiriwa moja kwa moja. Kompyuta yake ilikuwa ikijivuta. Akachukua akiba yake yote, akamletea mdogo wake, akasema anataka mashine inayofunguka haraka na isiyomtupa njiani.

Bisibisi akaweka mazabodi mbili mezani. Leo anakiri kwamba ile ya bei ya chini ilitosha na kubakiza. Chenji yake ingenunua diski mpya, na nyingine ya kuwekea nakala. Lakini wiki ileile alikuwa amepokea ile ya nguvu, nyeusi, yenye taa pembeni na nafasi za kadi ambazo mpiga chapa asingezijaza hata angeishi miaka mia. Mafundi wa mtaa mzima walikuwa wamepanga foleni kuitazama.

"Kichwa kilinivimba," anasema. "Nilijiona namlipa dada ulezi wote ule kwa mkupuo mmoja."

Akiba ikaishia kwenye mazabodi na prosesa yake. Dada akauliza, na diski je? Mdogo wake akamwambia ile ya zamani haina neno, bado itavumilia.

Hapo Bisibisi hushusha sauti. Alipokuwa akiijaribu mashine, alisikia mlio. Tik. Kimya. Tik, tik. Hakuna fundi asiyeujua mlio huo. Ni wa diski inayoaga. Wakati huo duka lilikuwa na redio, na redio ilikuwa ikiimba. Akanyoosha mkono, akaongeza sauti.

"Siwezi kusema sikujua. Sikio lilisikia, mkono ukaenda kwenye redio. Nilijitia hamnazo, kwa sababu ningekubali kwamba diski inakufa, ningelazimika kuing'oa ile mazabodi na kuirudisha kabatini."

Wiki ya saba diski ikafa na mafaili elfu nne na ushee. Nakala haikuwepo. Makaratasi yalikuwepo, muda wa kuyarudia haukuwepo, na hospitali ikampa kazi mtu mwingine. Taa za pembeni ya mazabodi ziliendelea kuwaka vizuri kabisa.

Dada hakumgombeza. Aliileta mashine, akaiweka juu ya meza, akauliza kama watoto hawajambo, akaondoka. Siku hizi anasimamia mashine ya fotokopi kwenye duka la vifaa vya ofisi, mitaa mitatu kutoka hapa, kwa ujira usiofika nusu ya ule aliokuwa akiuona mbele.

"Angenitukana, ningepumua," anasema Bisibisi.

Redio alimpa kinyozi jioni ileile. Mazabodi aliifungua, akairudisha kwenye boksi lake, na hadi leo iko rafuni. Wengi wameitaka, amekataa kuiuza. Chini ya meza, chini ya kitambaa, kuna kompyuta nyingine ambayo amekuwa akiijenga kidogo kidogo mwaka mzima. Ina mazabodi ya bei ya chini, memori ya kutosha na diski mpya. Inakosa diski ya pili, ya nakala. Inamkosa pia mtu mwenye moyo wa kuipeleka kwa mwenyewe.

Nusu saa ya mpiga video imekwisha. Kukamilisha kipande cha video cha dakika mbili kumemsubirisha dakika kumi na nane, na mashine inavuma kama inataka kuruka. Bisibisi anaichomoa bisibisi nyuma ya sikio, anairudisha. Ulimi wake umezoea jibu moja.

"Kazi yako inataka ya nguvu," anasema mwishowe, kama mtu anayeng'olewa jino. "Ya bei ya chini itakuaibisha mbele ya maharusi."

"Unayo?"

Fundi anatazama rafu. "Ipo moja. Lakini mwenyewe si mimi. Rudi alasiri."

Saa saba mchana anafunga duka na kwenda kwa dada yake. Anamkuta nyuma ya mashine ya fotokopi, mikono ikipanga karatasi.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Shusha hayo mabega, hujaja msibani."

Anamweleza habari ya mpiga video. Dada hasimamishi mashine. Jibu lake ni fupi: auze, ila amwambie mnunuzi ukweli kwamba mazabodi imekaa miaka miwili rafuni. Ndipo mdogo wake anapopiga moyo konde na kutaja kompyuta iliyo chini ya kitambaa. Hapo dada anaisimamisha mashine.

"Ule mlio hata mimi niliusikia," anasema. "Nyumbani, siku ya pili tu. Nikajiambia, fundi ni mdogo wangu. Ingekuwa kitu, angeniambia."

Bisibisi anaokota karatasi iliyodondoka sakafuni na kuinyoosha, ingawa haikukunjika.

Dada anaipokea, anaiweka juu ya nyingine. "Ilete Jumamosi. Lakini utaiwashia hapa hapa. Hii mashine nitaizima, na mlango tutafunga. Nataka kusikiliza mwenyewe."

Alasiri mpiga video anaondoka na mazabodi nyeusi, akiwa ameambiwa umri wake wote. Pesa yake inageuka diski ya pili, na inayobaki inaingia kwenye bahasha ya dada. Bisibisi anaichomeka diski, anafunga mlango wa kioo, anazima feni, anainamisha kichwa.

Kazi ya hospitali haitarudi, naye hajathubutu kumwomba dada arudie kuchapa. Mpango wake unaishia Jumamosi.

"Akisikia chochote," anasema, sikio bado juu ya bati, "hata kama mimi sijakisikia, naifungua palepale mbele yake."