Pale Bibi Aliponyamaza

Shangazi yangu ni fundi cherehani, na ukitaka ugomvi naye mwambie anaimba vibaya. Nguo mrudishie hata mara tatu, ataifumua huku anacheka. Wimbo, thubutu!

Wimbo wenyewe ni wa bibi, mama yake, aliyeuimba akitwanga mahindi. Mistari miwili, kimya kidogo, mistari miwili, kimya. Shangazi akauhamishia kwenye cherehani ya miguu, na cherehani ikishakolea haimsubiri mtu, basi kile kimya akakijaza maneno yake: mara bei ya uzi, mara wateja wenye midomo. Miaka thelathini hivyo hivyo. Halafu binti yake akauwekea midundo ya simu. Loo! Shangazi alimtimua kibandani pake pa kushonea, akasema mtoto amemzika bibi mara ya pili. Mimi nilicheka kimoyomoyo. Nyani haoni kundule.

Mwaka huu ukumbi wa mtaa ulipofunguliwa upya, alialikwa auimbe. Alifurahi mpaka akajishonea gauni, yeye ambaye nguo zake huwa anaziweka kiporo. Siku tatu kabla, afisa utamaduni akaja kibandani na kanda ya zamani yenye sauti ya bibi. Akasema kwa upole kwamba shangazi ameuharibu wimbo. Asili yake ina kimya, na kile kimya ni heshima kwa wahenga. Aimbe kama kwenye kanda, la sivyo utaimbwa na kwaya yake yeye afisa.

Shangazi aliisikiliza kanda yote huku machozi yakimtoka, maana sauti ile hakuwa ameisikia tangu mazishi. Kisha akamwomba afisa airudishe nyuma hadi kwenye kimya, asikilize vizuri. Kwa mbali palisikika mkono ukikwangua kinu.

"Heshima gani, mwanangu? Hapo mama anageuza mahindi. Wewe ukinyamaza, unageuza nini?"

Afisa akakunja uso, akasema utaratibu ni utaratibu, akaondoka. Shangazi akabaki anachezea mkasi muda mrefu. Nilidhani anatafuta tusi la kumtumia.

"Mpigie dada yako," akaniambia. "Aje na midundo yake. Mwambie nilimkosea."

Siku yenyewe, kabla kwaya ya afisa haijapanda, tuliibeba cherehani mpaka jukwaani, watu wakidhani tumepotea njia. Shangazi akakanyaga, binti akawasha midundo, wimbo ukaondoka. Walipofika pale pa kimya, hawakunyamaza. Afisa akainuka, akaenda ukutani, akachomoa waya. Midundo ikakatika, kipaza sauti kikafa.

Cherehani ya miguu haijui umeme. Ilizidi kwenda, shangazi akiimba mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, na binti yake akatupa simu pembeni, akaanza kuupiga ubao wa cherehani kwa viganja, palepale bibi alipokuwa akigeuza mahindi.