Mwamba Ambao Hatukuuonyesha

Wapimaji wa viwanja walipofika kwenye mlima wetu, mimi sikuwapo. Nilikuwa Mpanda, nafanya kazi kwenye ghala la tumbaku, baada ya kuacha kazi nyingine Singida na nyingine kabla yake Babati. Mama alinisimulia kwa simu, kwa sauti ya mtu aliyemaliza jambo kubwa. Vijana wa upimaji walimwambia, "Bibi, tuonyeshe eneo lako," naye akawaonyesha: nyumba, zizi, na shamba la uwele mpaka kwenye korongo. Majirani walifanya hivyo hivyo. Hakuna aliyenyoosha kidole kuelekea juu, kwenye mawe.

Kwetu mawe hayakuwa na mwenyewe. Shamba ni la aliyelilima. Jiwe halilimwi, na mtu ambaye angesema jiwe hili ni langu tungemcheka kama anayedai upepo. Hata hivyo tuliishi kwa mawe hayo. Hatua chache juu ya nyumba yetu kuna mwamba mpana, laini, ulioinama kidogo kama sinia. Hapo mama alianika mlenda na masuke ya uwele, akapura, akapeta. Upepo wa Dodoma, ambao wageni wanaulalamikia, ndio uliomfanyia kazi hiyo. Unga wa nyumba yetu haukuwa na mchanga, na kwa watu wa kwetu hilo lilikuwa jambo la kujivunia.

Basi mawe yakaonekana hayana mtu, yakakatwa viwanja.

Miaka hiyo serikali ilikuwa imehamia Dodoma, na watu wenye uwezo walikuwa wanatafuta mahali pa juu, penye baridi ya asubuhi, pa kuuona mji wote ukiwa chini na taa zake. Zikaota nyumba za mapumziko kutoka jiwe hadi jiwe, zenye vigae na vibaraza vya vioo. Wenyewe wanakuja wakati wa vikao, au mwisho wa juma wakiwa na wageni wao. Siku nyingine madirisha yamefungwa, na mlinzi anamwagilia maua ambayo hakuna wa kuyatazama.

Nilirudi wakati wa kipupwe, baada ya mama kuniambia kwamba jirani wa juu anataka kununua na sehemu yetu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekonda. Huko unakokaa hawapiki?"

Alikuwa amekaa uani kando ya turubai, anachambua uwele. Juu yetu ulipita ukuta mpya wa matofali, na mwamba ulikuwa upande wa pili.

"Mwaka huu tunakula mchanga," akasema. "Tafuna polepole."

Usiku nililala chini ya dari la nyumba yetu ya tembe, dari la miti na udongo ambalo baba aliliezeka kabla hajaenda kufia kwao Bahi. Nimepanga vyumba katika miji mingi. Popote nilipoulizwa kwetu ni wapi, niliona dari hilo kabla sijajibu. Sikuja kumsaidia mama kuamua. Nilikuja kumwambia asiuze.

Jirani alishuka kesho yake. Alikuwa mama wa rika langu, mfanyabiashara, Mnyamwezi wa Tabora, na kwa asili makabila yetu ni watani. Nilitarajia mtu wa majivuno. Akavua viatu kabla ya kukanyaga turubai.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mtani. Umeshuka kuomba maji?" Mama hakuinua hata macho. "Babu zako walipita hapa na mizigo kichwani, wakatuomba maji na kutulipa hongo ndipo tukawapa njia. Leo mmerudi na matofali, sisi ndio tunatafuta pa kupita!"

Yule mama alicheka mpaka akashika ukuta. "Hongo tulilipa, bibi, risiti ndiyo hamkutupa! Sasa tumekuja kudai chenji."

"Chenji ndiyo mwamba wangu?"

Kicheko kikakoma. Kwa watani neno zito hupita ndani ya mzaha, na mwenye kuelewa huelewa. Yule mama akakaa chini. Akasema kwamba alipouziwa aliambiwa mahali pale ni pori tupu. Bado angependa kununua sehemu ya mama, apate pa kuweka magari ya wageni, lakini hamlazimishi. Na kama mama atabaki, geti liko wazi. Apande mwambani siku yoyote.

Nilifurahi. Niliona jambo limekwisha.

Asubuhi ya Jumamosi tulibeba masuke na fimbo, mlinzi akatufungulia. Mwamba ulikuwa palepale, isipokuwa sasa ulikuwa mbele ya kibaraza. Wageni walitusalimia kwa adabu. Mmoja aliomba fimbo, akapura kidogo huku mwenzake anampiga picha. Mlinzi alimletea mama kiti cha plastiki, akakikataa kwa upole. Tulipura mpaka jua likapanda.

Kisha upepo ukaja. Mama akasimama, akainua ungo, akaachia punje. Makapi yakaruka meupe, yakaenda moja kwa moja kwenye kibaraza, kwenye chai na mikate.

Mwenye nyumba alikuja mwenyewe, hakumtuma mtu. "Bibi, samahani sana. Naomba tungoje kidogo, wamalize kula."

"Haya, mwanangu," mama akajibu. Hakumwita mtani.

Tulingoja, ungo ukiwa magotini mwake. Upepo ulivuma vizuri kwa muda mrefu. Wageni walipoondoka mezani ulikuwa umetulia kabisa. Mama aliinua ungo mara moja, makapi yakaanguka miguuni pake pamoja na punje. Akafunga kila kitu kwenye kanga, tukashuka.

Uani akasema, "Nitauza. Nitakwenda kwa mdogo wangu, upande wa Chemba."

"Kwa sababu ya upepo wa siku moja? Mama, yule ni mtu mwema."

"Ndiyo. Angekuwa mbaya ningegombana naye kila siku, ningezeekea hapa hapa nikiwa na nguvu. Sasa huyu mwema nitamfanyaje? Niamke kila siku niulize wageni wamekula?"

Nikasema lile lililonileta. "Na mimi nikirudi, nirudi wapi?"

Akaanza kuifungua kanga. "Wewe hurudi, baba. Wewe unapita. Anayekaa hapa ni mimi."

Hakulisema kwa hasira.

Kwetu mtu akihama huondoka na nguzo zake, kwa kuwa mti mgumu hauko karibu tena na huchukua umri wa mtu kukua. Siku ya kuhama nilipanda juu ya tembe na jembe, nikaanza kuushusha udongo wa dari. Jirani alikuja kuaga, akashangaa kuziona nguzo nyeusi za moshi zikipakiwa kwenye lori.

"Bibi, hizi za nini? Si ningekununulia mbao mpya?"

"Udongo nakuachia," mama akasema. "Nguzo naondoka nazo."

Ilibaki moja ya katikati. Niliichimbua chini, nikaikumbatia na kuitikisa, na nyumba ikashuka taratibu bila kishindo, ikawa tuta. Vumbi lilipanda mlimani. Hakuna aliyesema lisipande. Niliibeba ile nguzo mwenyewe hadi kwenye lori, mama akanionyesha pa kuilaza, kisha akapanda mbele na kufunga mlango.