Nusu ya Kila Kitenge

Pesa mkononi mwa mwanamke ina ndugu wengi. Hilo nililijua kabla sijaolewa, wala si shule iliyonifundisha, maana shule niliiacha mapema. Mume ataiazima, shemeji ataililia. Lakini kitenge kilichokunjwa ndani ya sanduku la bati, nani atakuja kukiazima?

Miaka hiyo nilikuwa nikikaanga sambusa nje ya bandari. Mwenzangu, jirani yangu wa mtaa wa Jabe, aliuza ndagala kavu pembeni yangu. Boti ikifika kutoka Kigoma, wanawake walishuka na vitenge. Piesi moja ilikuwa yadi sita, na hawakukubali kuikata. Peke yangu sikuiweza, naye peke yake hakuiweza. Basi tulichanga, tukanunua, tukaikata wenyewe palepale juu ya beseni lake la ndagala, kila mtu na yadi zake tatu.

"Itanuka samaki," nilimwambia.

"Vizuri. Mume wako hataigusa."

Mpango wetu ulikuwa huu: hatuvai, hatugawi. Siku ya shida kubwa tunaunganisha nusu zetu, tunauza piesi nzima nzima. Sanduku langu lilijaa mpaka likawa halifungi. Tulijihadhari na waume, na wezi, na panya. Kwamba mmoja wetu atatangulia, hatukulisema hata siku moja.

Alitangulia yeye, mwaka jana. Mume wangu ameshaondoka zamani. Wanangu wako ng'ambo, wanapiga simu Ijumaa, wanauliza kama nimekula. Siwaambii kwamba bati za nyumba zimetoboka, na mvua ikinyesha nahamisha godoro. Kwa nini niwaambie? Nilikuwa na sanduku langu. Kabla ya mvua za mwaka huu nikalifungua, nikamwita mama mmoja anayeuza vitenge sokoni.

Akakunjua, akasifu, kisha akaanza kupima kwa mkono.

"Bibi, hizi zote ni nusu. Yadi tatu haimalizi nguo ya mutu. Zingine ziko wapi?"

"Ziko Gihosha."

"Ukizileta, nachukua yote. Bila hizo, mi nitakupa bei ya vitambaa vya kubebea watoto."

Gihosha, mtaa wa mlimani, anakaa binti wa mwenzangu, aliyerithi sanduku la mama yake. Nilipanda kule nikipumzika njiani, nikijipangia maneno. Alinipokea vizuri, siwezi kusema uongo.

"Karibu mama, ingia, kaa."

Nikakaa. Chini ya mkono wangu kulikuwa na picha ya kuku na vifaranga wake, kitenge tulichokigombania mimi na mama yake siku nzima kabla ya kukinunua. Nikatazama: mito ya viti vyote, rido za madirisha, hata kitambaa juu ya televisheni. Hakuna ua nisilolijua.

"Mama aliviacha vinakaa bure," alisema. "Nikaona nivishone, nimukumbuke kila siku. Umevipenda?"

"Lilikuwa paa langu."

Alicheka. Kisha akaona mimi sicheki. Nikamweleza yote, na macho yake yakajaa.

"Mama, mi sikujua. Acha ninunue mabati yote."

"Apana. Sikuja kuomba."

"Mama yangu angekubali."

"Mama yako angekubali, na angedai misumari juu yake."

Hapo tulicheka sote wawili, maana ndivyo alivyokuwa.

"Basi leta misumari," nikasema.

Nusu zangu niliziuza kwa bei ile ya vitambaa vya kubebea watoto. Zilitosha mabati ya upande wa chumba cha kulala. Sebuleni bado natega beseni. Wasichana wa sokoni wakiniuliza, nawaambia: wekeni kitenge, wekeni benki, wekeni mnapotaka. Lakini mkiweka wawili, semeni mbele ya watoto wenu nani atafanya nini mmoja akifa. Sisi tuliona haya kutaja kifo.

Mvua ya kwanza ilishuka mchana, nimekaa kitandani. Mabati mapya yana kelele. Watu wawili chini yake hupayuka ndipo wasikilizane, na mwenzangu alikuwa na sauti ya kuuzia samaki. Nilisikiliza mpaka mvua ikakatika.