Dagaa Niliowapeleka Kwenye Meza ya Waini

Kosa ni langu. Nalisema mapema kabla hujaanza kunionea huruma, maana ukisikia nilichofanyiwa utataka kunitetea. Usinitetee. Nisikilize kwanza.

Mimi ni mpishi. Nilikuwa napika kwenye hoteli ndogo hapa Sumbawanga mjini, ya mama mmoja mjane aliyestaafu uuguzi. Nitamwita Mama Salome, ingawa si jina lake. Hoteli ile aliijenga chumba kimoja kimoja kwa miaka mingi. Mimi alinipokea nikiwa sijui hata kuwasha jiko la gesi, akanifundisha mwenyewe.

Mhudumu wa mezani alikuwa rafiki yangu. Naye nimembadilisha jina, nitamwita Leokadia. Sote tumetoka kijiji cha Muze. Tulikaa dawati moja mpaka darasa la saba, yeye akaendelea na sekondari, mimi nikabaki shambani. Mjini tulipanga chumba kimoja mtaa wa Kizwite. Nilipougua homa ya matumbo yeye ndiye aliyenikoroga uji na kunifulia nguo. Nakwambia haya ujue kisu kilitokea upande gani.

Basi, akaja wakala wa waini kutoka Dar es Salaam. Alikuwa na waini za Chile, nchi ya mbali huko Amerika ya Kusini, na alikuwa anatafuta hoteli moja ya mkoa wa Rukwa afanye nayo kazi. Hoteli hiyo ingeuza waini zake na kuwaonyesha wateja ipi inywewe na chakula gani. Mama Salome aliitamani sana nafasi ile. Alisema wageni wa semina wanakula chipsi kwake, wanalala, wanaondoka, na hata jina la hoteli hawalikumbuki.

Wakala alituonyesha namna ya kuonja. Unanusa kwanza, unachukua funda dogo, unalizungusha mdomoni, halafu unatema. Akatuachia chupa, akasema tumpelekee mawazo yetu ya vyakula kwa simu. Baada ya wiki tatu angerudi na wenye hoteli wengine kwa chakula cha mchana, waje waone kabla hajaamua.

Mimi waini nilizoea kuiona mikononi mwa padri tu. Lakini siku ya kwanza tulipokaa jikoni, mimi na Leokadia, nikanusa ile nyeupe na nikajikuta niko Muze, kwenye bustani ya marehemu mama yangu, nasugua majani ya nyanya vidoleni. Nikamwambia Leokadia. Naye akanusa, akasema yeye anasikia harufu ya waini.

Tulicheka mpaka machozi.

Tukaendelea hivyo siku baada ya siku, wateja wa mchana wakishaondoka. Mimi naonja, nasema, yeye anaandika kwenye daftari, kwa sababu mwandiko wangu ni wa kuku, na jioni anamtumia wakala kwa simu yake. Ile nyeupe niliipa migebuka, wale samaki wa Ziwa Tanganyika kutoka Kasanga, wa kukaanga, na ndimu. Kulikuwa na nyekundu moja inaitwa Carmenere. Jina lilitushinda, tukaiita Kameneri. Ile ilinuka hoho iliyobabuka kwenye mkaa, na nikasema hii inataka rosti ya mbuzi, na ugali wa ulezi pembeni. Nyingine nyekundu ilikausha ulimi kama umetafuna ganda la ndizi mbichi. Hiyo nikaipa nyama ya ng'ombe yenye mafuta.

Tulijaribu na yasiyofaa pia. Siku moja tulimwonjesha Mama Salome Kameneri kwa dagaa wa pilipili. Akatema, akasema ni kama amelamba msumari. Likaandikwa nalo.

Siku ikafika. Wageni walikuwa kama kumi, wengine wametoka Matai, mmoja Mpanda. Mimi niko jikoni. Kati ya jiko na ukumbi pana dirisha la kupitishia sahani, kwa hiyo nilikuwa nasikia kila neno. Migebuka wakatoka, waini nyeupe ikamiminwa, Leokadia akasimama kuzungumza. Alivaa gauni langu la bluu. Nilimwazima mwenyewe.

Akasema, "Nilipoionja mara ya kwanza nilimkumbuka mama yangu. Nilijiona mtoto, niko bustanini kwake, nasugua majani ya nyanya vidoleni."

Mama yake Leokadia hajawahi kulima nyanya. Aliuza vitenge sokoni, na mpaka leo yuko hai.

Nilisimama na mwiko mkononi. Nikajiambia huenda amejisahau, atanitaja tu. Hakunitaja. Wakala akawaeleza wageni kwamba kila alichotumiwa kwa simu kilitoka kwa binti huyu, na kwamba ulimi kama wake hajaukuta hata huko Dar. Wakapiga makofi. Leokadia akainamisha kichwa, akasema asante.

Angeniibia fedha ningesamehe. Aliniibia mama yangu, akamvaa mbele za watu kama alivyovaa gauni langu!

Sasa sikiliza nilichofanya. Sahani iliyofuata ilikuwa rosti ya mbuzi kwa Kameneri. Rosti ilikuwa tayari, imeiva vizuri kuliko zote nilizowahi kupika. Nikaifunika. Nikachukua dagaa waliokuwa chakula cha wafanyakazi, nikawatwangia pilipili mbuzi, nikaongeza chumvi, nikaongeza tena. Nikawapanga kwenye sahani nyeupe za wageni. Dada wa usafi, aliyekuwa anasaidia kubeba, akaniuliza kama ndicho chakula chenyewe. Nikamwambia apeleke.

Leokadia alikuwa amewapa mgongo wabebaji, anasifia mbuzi. Sahani zikafika. Watu wakala, wakanywa, wakaweka glasi chini. Mwingine alikohoa mpaka akaletewa maji. Halafu mzee mmoja wa Matai akasema kwa upole, "Binti, umetuambia mbuzi. Mbona mbuzi huyu ana macho mengi?"

Ukumbi ukacheka. Mimi nilikuwa dirishani, nasubiri Leokadia aanguke.

Hakuanguka. Akamgeukia wakala akasema, "Mtusamehe. Mpishi wetu hajasoma, amechanganya."

Basi. Kwa mikono yangu nilikuwa nimempa ushahidi. Nani tena angeamini kwamba mpishi aliyepeleka dagaa wa chumvi mbele ya Kameneri ndiye aliyesema yale ya hoho na mkaa?

Wageni walipoondoka Mama Salome aliingia jikoni. Aliinua mfuniko wa rosti, akaitazama, akaurudisha.

"Wale dagaa ulijua," akasema.

"Nilijua, mama."

Nikamweleza yote huku nalia, ya daftari, ya nyanya, ya mama yangu. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Leokadia amekukosea, nimekuelewa. Mimi nilikukosea nini?"

Nikafuta uso kwa aproni.

Akasema, "Kiti changu kilikuwa karibu na mlango wako. Ungekuja ukanigusa bega tu."

Wakala aliipa kazi hoteli nyingine. Leokadia mwenyewe akachukuliwa na wakala kwenda Dar kuzitangaza hizo waini. Alihamisha vitu vyake nikiwa sokoni, na jioni akanitumia ujumbe: "Ungesema wewe, nani angekusikiliza?" Niliusoma mara nyingi kuliko ninavyosoma sala. Kinachoniuma ni kwamba sikujaribu, kwa hiyo siwezi hata kumwambia kwamba ni mwongo.

Mama Salome hakunifukuza. Niliondoka mwenyewe, nilishindwa kumtazama. Baada ya miezi kadhaa akafunga ukumbi wa chakula, akabaki na vyumba vya kulala tu. Sasa nauza supu na chapati hapa Kizwite, na baridi hii ya asubuhi wateja sikosi. Mwaka huu nilikwenda kwake kuomba radhi. Nikampa shikamoo, akaitikia, akanipa chai. Akasema amenisamehe zamani. Nikamwomba anirudishe kazini hata kwa kufua mashuka. Akatazama nje kidogo, akasema, "Hapana, mwanangu."

Wewe unayesoma, kama kuna mtu amekuibia, sema pale pale, mwizi akiwa bado ameshika mali yako. Mimi niliona haya kutoka jikoni na aproni yenye mafuta, mbele ya watu waliovaa vizuri, na kusema maneno yale ni yangu. Nikaona ni rahisi zaidi kumharibia chakula mtu ambaye hakunikosea.

Mji huu unasema mpishi wa Mama Salome hakujua anachofanya. Siwabishii. Kweli yenyewe ni mbaya zaidi. Chumvi ile niliipima.