Kereng'ende Ambaye Sikumwandika

Nilipaswa kukataa. Tulikuwa mgahawani Iringo, hapa Musoma, mvua inanyesha, na mtaalamu aliyeniajiri kumsaidia kuorodhesha wadudu wa maji akanisogezea fomu. Barabara ya kwenda Buswahili, kijijini kwetu, ilikuwa tope tupu.

"Mzee wangu, wa ziwani tumemaliza. Jaza na wa Buswahili hao hao. Maji ni maji."

Nilijua si kweli. Nikajaza, nikasaini, nikamalizia chai yangu.

Kazi yetu ilikuwa kereng'ende wembamba, wale wanaotua na kukunja mabawa mgongoni. Ukiwafahamu, wanakueleza maji yalivyo. Mwenye doa la samawati karibu na ncha ya mkia anavumilia mengi. Nimemkuta kwenye matete ya ziwani na kwenye madimbwi ya ng'ombe kule Manyamanyama, Bunda. Yupo mwingine, mkubwa, wa kahawia, ambaye mabawa yake yakipigwa na jua yanatoa rangi nyingi kama mafuta yaliyomwagika majini. Huyo anataka maji yanayotiririka chini ya kivuli cha miti. Kwenye chemchemi ya Buswahili, nyuma ya shamba la dada yangu, nilimwona tangu utotoni.

Kwenye fomu yangu hakuwepo. Waliotaka kulima bustani pale waliitumia kuonyesha kwamba eneo lina wadudu wa dimbwi tu, wakapewa ruhusa, wakakata miti yote. Baada ya misimu miwili chemchemi ikawa tope.

Dada alinikuta uani kwake, ndoo yake tupu mkononi.

"Kaka, uliandika nini wewe?"

"Niliandika wale wa samawati."

"Hao wanakaaga ziwani. Hata mbuzi wangu anajua. Au uliwapandisha basi ukawaleta huku?"

Akaingia ndani, akafunga mlango.

Watu wananiambia niachane na jambo hili, kwamba kosa ni la mtaalamu, mimi nilikuwa msaidizi tu. Sikubali. Mkono uliosaini ni huu. Nimeandika orodha ya kweli, nimekiri na uongo wangu humo humo, nikaipeleka Butiama, kwenye ofisi iliyotoa ruhusa, ili miti irudishwe. Karani akacheka.

"Mzee, usumbufu wote huu ni wa wadudu?"

"Ndiyo. Na Jumatatu nitarudi."

Nilirudi. Wakinifichia kiti, nasimama. Kila mwezi nashuka kwenye lile tope na daftari langu, naandika: wa kahawia, hayupo.

Dada alihama kufuata maji ya bomba, akaenda kuishi kwa mwanawe Bunda. Nilibisha hodi kule mara nyingi, hakunifungulia. Nilimwona tena siku ya kumzika. Saini ile ilinigharimu chemchemi ya nyumbani kwetu, na dada yangu wa pekee, aliyekufa hajanisamehe.